Baleada, Tajadas na Malalamiko ya Mezani: Majibu kwa Barua Zenu

Katika toleo lililopita tulichapisha kisa kifupi cha msomaji wa Entebbe ambaye mwenyeji wake alimpeleka kula katika mgahawa mdogo wa Kihondurasi, akatoka ameshiba lakini hajui alichokula. Tulidhani kisa hicho ni cha mtu mmoja tu. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba wasomaji wengi wa hapa Uganda, hasa walio na watoto na ndugu Marekani na wale waliosafiri kwa shughuli za kahawa, wamekwisha kuketi kwenye meza za namna hiyo, na wengi wao waliondoka na swali au na kinyongo. Mimi mwenyewe nilikula kwa siku tisa katika migahawa ya kawaida ya San Pedro Sula, mji mkubwa wa kaskazini mwa Honduras, nilipofuatana na ujumbe wa wakulima wa kahawa, na tangu siku hizo chakula hicho kimekaa moyoni mwangu. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu pale ninapoona kwamba msomaji hakutendewa haki, na vilevile pale ninapoona kwamba mgahawa ndio uliohukumiwa bila kosa.

*Dada mwandishi, salamu nyingi. Binti yangu anaishi Kenner, mji ulio ubavuni mwa New Orleans, na nilipomtembelea alinipeleka kula kwa Wahondurasi mchana wa Jumapili. Tulingoja chakula zaidi ya nusu saa. Niliagiza kitu kilichoandikwa "baleada sencilla" nikitarajia nyama, nikaletewa chapati iliyokunjwa yenye maharagwe. Binti aliniambia niombe "mantequilla", naye alinieleza kwamba shuleni alifundishwa kuwa ni siagi, lakini tulichopewa ni kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Tulipomaliza hakuna aliyetuletea bili. Tulikaa tukitazamana mpaka nikakasirika. Je, nilidharauliwa kwa sababu ya ugeni wangu? — Mama wa watoto watatu, Jinja.*

Mama, sidhani kwamba ulidharauliwa. Mambo manne uliyoyataja yana sababu nne tofauti, na ni moja tu kati yake ninaloweza kuliita kosa la mgahawa.

Nianze na kule kungoja. Nilipokuwa San Pedro Sula nilizoea kukaa kwenye kiti kilichoelekea jikoni. Mwanamke aliyepika alikuwa na sinia la madonge ya unga wa ngano, yamefunikwa kwa kitambaa kilicholowana, kila donge likiwa na ukubwa wa yai la bata. Hakuligusa hata moja mpaka mhudumu alipotaja alichoagiza mteja. Ndipo alipolichukua donge, akalipaka mafuta kwa vidole, akalipiga kati ya viganja viwili huku akilizungusha, bila ubao wala kifimbo cha kusukumia, mpaka likawa duara pana kama sahani. Kisha akalilaza juu ya bamba la chuma lililopata moto. Lilivimba mahali pawili patatu, likapata madoa ya kahawia, akaligeuza, na kabla halijapoa akalipaka maharagwe mekundu yaliyopondwa, akanyunyiza jibini kavu iliyokunwa, akamimina kile kitu cheupe, akalikunja likawa nusu mwezi. Mkate huo ukiandaliwa mapema na kurundikwa hukauka pembeni na kupasuka unapokunjwa, na Mhondurasi yeyote atakurudishia sahani. Mgahawa uliojaa watu wa Jumapili, wenye mpishi mmoja au wawili kwenye bamba, hauna budi kukungojesha. Kosa ninaloliona ni kwamba hawakukuambia. Mhudumu aliyemwona mama mgeni akiingia na bintiye alipaswa kusema mapema kwamba mikate inapigwa sasa hivi na kwamba itachukua muda, na wakati huo angeweza kuwaletea bakuli la kuanzia. Katika hili nakuunga mkono kabisa.

Hilo la nyama halikuwa kosa la mtu. Neno "sencilla" maana yake ni ya kawaida, isiyo na nyongeza, na baleada ya namna hiyo huwa na maharagwe, jibini na mantequilla, basi. Anayetaka yai, parachichi, soseji ya chorizo au nyama ya ng'ombe huagiza ile inayoitwa "con todo", yaani yenye vyote, au "especial". Hata hivyo ningekushauri, kama utarudi, uagize tena ile sencilla uliyoikasirikia, kwa kuwa ndiyo inayomfichua mpishi: maharagwe yakiwa ya jana yaliyopashwa vibaya, au mkate ukiwa umetolewa kwenye pakiti ya duka, hakuna nyama ya kuficha jambo hilo. Jina lenyewe husemekana limetokana na neno "bala", yaani risasi. Wako wanaosimulia kwamba mwanamke mmoja aliyeuza chakula hicho karibu na reli alipigwa risasi akapona, na wateja wakawa wanaambiana waende kula kwa yule aliyepigwa risasi. Wengine husema maharagwe ndiyo risasi zenyewe na jibini ndiyo baruti. La Ceiba na San Pedro Sula, miji miwili ya kaskazini, kila mmoja hujidai kuwa ndiko baleada ilikozaliwa.

Kuhusu mantequilla, binti yako hakukudanganya. Katika Kihispania cha nchi nyingi neno hilo ni siagi, lakini mezani pa Wahondurasi ni malai mazito ya maziwa, yenye chumvi na ukali kidogo, ambayo kwao huuzwa dukani hata katika mifuko ya plastiki. Msomaji wa Mbarara angeyaelewa upesi kuliko sisi wa huku, kwa sababu yanakumbusha eshabwe, ule mchuzi mweupe wa huko kwao, kwa weupe na uzito wake, ingawa eshabwe hutokana na samli. Na bili, mama, hailetwi mpaka uiombe. Kwa Wahondurasi, na kwa majirani zao wengi, kumletea mgeni bili ambayo hajaiomba ni kama kumwondolea kiti angali amekalia. Useme "la cuenta, por favor", nayo italetwa. Kwa kuwa mlikuwa Louisiana, kumbukeni pia bakshishi: sheria ya Marekani inaruhusu mhudumu wa mezani kulipwa dola 2.13 kwa saa kwa kutegemea kwamba wateja watajaza pengo, na ndiyo maana huko watu huacha asilimia 15 hadi 20 ya bili. Nchini Honduras kwenyewe asilimia 10 hutosha.

*Dada, mimi nauza rolex karibu na Wandegeya. Wanafunzi wamenionyesha picha ya hiyo baleada kwenye simu na wananisihi niitengeneze. Sina bamba la chuma, nina sigiri na kikaango changu cha chapati. Inawezekana? Na wateja wakiniuliza tofauti yake na rolex niwaambie nini? — Muuza rolex, Wandegeya.*

Inawezekana, kaka, na kikaango chako bapa cha chapati kinatosha kabisa. Lakini kwanza nisahihishe jambo moja ambalo wanafunzi wako wamelikosea. Kwa sura, baleada inafanana na rolex, kwa kuwa zote mbili ni mkate wa ngano wenye kitu ndani. Kwa tabia, ndugu yake wa karibu ni kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe. Moyo wa baleada ni maharagwe. Rolex ni yai lililokaangwa na kabichi, nyanya na kitunguu, likaviringishwa ndani ya chapati. Ukiondoa yai hakuna rolex. Baleada ukiondoa yai hujaiharibu, lakini ukiondoa maharagwe umebaki na chapati ya bure, na ninakuomba kwa dhati usiwauzie watu chapati hiyo kwa jina ambalo si lake.

Tofauti ya pili iko katika unga. Chapati yako unaisukuma, unaipaka mafuta, unaizungusha kama konokono na kuisukuma tena ili ipate tabaka. Baleada haina tabaka. Mafuta huchanganywa na unga mkavu tangu mwanzo, na mkate hutoka mnene kiasi, mlaini, usiochanika. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano weka kijiko kidogo cha baking poda, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya kupikia, ukisugua kwa vidole mpaka unga uwe kama mchanga uliolowana. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama kikombe kimoja na robo, ukande mpaka uwe laini. Wapishi wa pwani ya kaskazini ya Honduras huweka tui la nazi mahali pa sehemu ya maji, na nazi unaipata Nakasero. Gawa madonge kumi, yapake mafuta, yafunike, na usiyaguse kwa nusu saa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Donge lisilopumzika hurudi nyuma kila unapolipanua, nawe utalazimika kulisukuma kwa nguvu mpaka litoke gumu. Lililopumzika hutii viganja, na utaweza kulipanua kwa mikono mitupu kama wanavyofanya wenyewe.

Maharagwe yawe madogo mekundu. Yachemshe na kitunguu na punje za kitunguu saumu mpaka yapasuke, kisha kaanga kitunguu kingine, mimina maharagwe pamoja na mchuzi wake, uyaponde juu ya moto huku ukikoroga mpaka yawe uji mzito unaopakika. Yasiwe makavu, kwa maana yakipoa yatakauka zaidi. Jibini yao ni kavu, ngumu na ya chumvi. Hapa Kampala jibini ya namna hiyo ni ya bei, na ningependelea uiache kuliko kuweka ile laini ya njano inayoyeyuka na kunata. Mahali pa mantequilla chukua bongo, yaani maziwa mgando, nzito isiyo na sukari, iweke katika kitambaa safi usiku kucha ichuje maji yake, kisha itie chumvi. Haitakuwa ile ile, lakini ukali na ubaridi wake juu ya maharagwe ya moto utawafanya wanafunzi wako waelewe kwa nini watu wa Honduras hula kitu hiki asubuhi, mchana na usiku wa manane.

*Niulize kwa mstari mmoja: kwa nini chakula chao hakina pilipili, na mimi nilijua watu wa pande hizo hula pilipili kama mboga? — Msomaji, Fort Portal.*

Uliyekuwa ukimfikiria ni Mmeksiko. Mapishi ya Honduras ni ya upole, na ukali huachwa juu ya meza ili kila mtu ajitilie mwenyewe. Tafuta mtungi wa kioo wenye vitunguu vya zambarau, karoti na pilipili ndani ya siki: huo ni encurtido, na hutumika kama sisi tunavyotumia achari. Ile nyanya iliyokatwakatwa pamoja na kitunguu, pilipili hoho, giligilani na ndimu, ambayo wao huiita chimol, ni kachumbari, na sioni haja ya kuipa jina jingine.

*Assalaam alaykum. Mume wangu alialikwa chakula na wenzake wa kazi katika mgahawa wa Kihondurasi alipokuwa Houston, na alikula maharagwe na mkate tu akiamini kwamba yuko salama. Baadaye mwenzake mmoja alimwambia kwamba huenda ndani yake mlikuwa na mafuta ya nguruwe. Amehuzunika sana. Je, ni kweli, na Mwislamu afanyeje akialikwa tena? — Hajati, Kibuli.*

Wa alaykum salaam, Hajati. Sitakuficha: jambo hilo linawezekana, na halipaswi kupuuzwa. Katika mapishi ya asili ya Honduras mafuta ya nguruwe hutumika kukaangia maharagwe yaliyopondwa na hutiwa pia katika unga wa mikate ya ngano, kwa hiyo sahani inayoonekana haina nyama hata chembe inaweza kuwa nayo. Migahawa mingi siku hizi hutumia mafuta ya mimea kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini hakuna awezaye kujua kwa kutazama. Kuhusu alichokwisha kukila bila kujua, hilo ni la kuulizwa kwa sheikh wenu. La kwangu ni la jikoni.

Maneno mawili yanamchanganya mgeni, na ningependa mumeo ayashike vizuri. "Mantequilla" ni yale malai niliyoyaeleza hapo juu, na hayana nguruwe. "Manteca" ni mafuta mazito ya kupikia, na yakitajwa "manteca de cerdo" ndiyo ya nguruwe. Kabla ya kuagiza aulize hivi: "¿Los frijoles y las tortillas llevan manteca de cerdo?" Mhudumu hatakasirika, hilo ni swali analoulizwa pia na watu wasiokula nyama. Asidanganywe na yuca con chicharrón, ambayo ni muhogo uliochemshwa, mzuri sana kwa macho, lakini hufunikwa kwa vipande vya nguruwe vilivyokaangwa na kabichi iliyokatwa. Na hata kuku, ukiacha suala la namna alivyochinjwa, mara nyingi hukaangwa katika mafuta yale yale.

Kilicho karibu zaidi na usalama ni samaki mzima. Kandokando ya ziwa Yojoa, ambalo ndilo ziwa kubwa la asili nchini Honduras, kuna safu ya vibanda vinavyokaanga samaki na kumlaza juu ya vipande vya ndizi mbichi zilizokaangwa, na sahani hiyo imesambaa hadi kwenye migahawa ya Wahondurasi walioko ughaibuni. Aombe akaangwe katika mafuta mapya, au achomwe. Huenda akaletewa ngege, yaani tilapia, yule yule tunayemla Ggaba, kwa kuwa samaki huyo wa maji ya Nile amepelekwa na kufugwa karibu dunia nzima, na Honduras ni miongoni mwa nchi zinazomfuga na kumuuza Marekani.

*Bi mhariri, mwaka fulani nilikwenda Honduras pamoja na wakulima wenzangu wa kahawa. Kila tulipokula tuliletewa vipande vyembamba vya ndizi mbichi, vimekaangwa mpaka vikawa vikavu, vimewekwa chini ya kuku. Wenyewe waliviita tajadas. Nilijiuliza kama ni matoke yetu yaliyofika huko, na kwa nini hawayapiki vizuri kwa mvuke. — Mkulima, Bududa.*

Mzee wangu, umenigusa mahali ninapopapenda. Si matoke. Matoke ni ndizi za nyanda za juu za huku kwetu, ukoo wa peke yake, na nje ya eneo la maziwa makuu ni shida kuzipata. Ulichokula wewe kwa kawaida ni ndizi ya kuliwa mbivu, ile ya kusafirishwa ng'ambo, ikichumwa ingali kijani, ikamenywa na kukatwa kwa urefu na kukaangwa. Wao huiita guineo verde. Ile wanayoiita plátano ni gonja, ndizi ndefu ya kukaanga au kuchoma, nayo huonekana kwenye sahani yao kubwa ya plato típico ikiwa mbivu, tamu, imekaangwa, kando ya nyama ya kuchoma, chorizo, wali, maharagwe na parachichi. Ukipika guineo verde kwa mvuke kama matoke hutapata ule ulaini unaoujua. Itakuwa nzito na ya kunata. Kwa hiyo kuikaanga si uvivu. Ndiyo njia iliyoifaa ndizi hiyo, na kuku akiwekwa juu yake, mafuta na mchuzi wa nyanya hushuka polepole mpaka zile zilizo chini kabisa zinakuwa nusu kavu na nusu laini. Mimi huzila hizo mwisho, na nilimwona kila mtu wa San Pedro Sula akifanya hivyo.

Lakini swali lako lina jibu jingine refu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Honduras ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa ndizi duniani, na ndizi iliyojenga biashara hiyo ni Gros Michel, ambayo sisi huiita bogoya na tunaendelea kuinunua kando ya barabara ya Masaka. Kampuni za Kimarekani zilijenga reli, bandari na mashamba makubwa kaskazini, meli zikawa zinatoka Tela, La Ceiba na Puerto Cortés kwenda New Orleans, na hata Kenner alikokula mama wa Jinja kuna Wahondurasi wengi kwa sababu njia hiyo ya meli ilikuwa pia njia ya watu. Kisha ugonjwa wa mnyauko uitwao Panama, unaotokana na ukungu ulio ardhini, ukaiangamiza Gros Michel shamba kwa shamba, na kufikia miaka ya 1960 biashara nzima ilikuwa imehamia kwenye ndizi ya Cavendish. Bogoya zetu husumbuliwa na ugonjwa huo huo hadi leo.

Hapo ndipo Honduras na Uganda zilipokutana kweli. Mwaka 1984 ilianzishwa huko taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo FHIA, yenye makao yake La Lima, katikati ya nchi ya ndizi, na watafiti wake walizalisha aina mpya zinazostahimili magonjwa. Baadhi ya aina hizo zililetwa Uganda na kujaribiwa na watafiti wetu wa Kawanda, mojawapo ikiwa FHIA-17, ambayo imetokana na ukoo wa Gros Michel na hutoa mikungu mikubwa sana. Wapo wakulima wa hapa walioipanda, na wapo walioikataa kwa kuwa mdomo wa mtu aliyelelewa na matoke hauipokei kwa urahisi. Nawaelewa pande zote mbili. Ila ukiiona shambani kwa jirani, ijaribu kama tajadas: imenye ikiwa bado kijani kabisa, ikate nyembamba kwa urefu, iloweke katika maji ya chumvi kwa dakika kumi, ikaushe kwa kitambaa, uikaange katika mafuta yenye moto mkali.

*Mimi ni mwanafunzi wa mambo ya lishe Kyambogo. Nilionja mkate wa mahindi katika mgahawa wa Kihondurasi nikiwa safarini, na harufu yake haikufanana na posho wala mahindi ya kuchoma. Ilikuwa kama harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Wanatia nini? — Mwanafunzi, Kampala.*

Chokaa. Punje kavu za mahindi huchemshwa katika maji yenye chokaa ya kupikia kidogo, huachwa humo usiku kucha, kisha huoshwa mpaka ganda liteleze na kutoka, ndipo husagwa zikiwa zimelowana na kuwa donge linaloshikamana. Unga wa posho hauwezi kufanya hivyo. Jaribu kuukanda kwa maji na kuupiga kuwa mkate, utakupasukia mkononi. Wewe wa lishe utapenda kujua kwamba chokaa hiyo huongeza madini ya kalsiamu na hufungua vitamini ya niasini ambayo ndani ya mahindi ya kawaida imefungwa, haipatikani vizuri na mwili. Watu wa Amerika ya Kati walikuwa wakifanya hivyo maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuijua vitamini. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, na baadaye yalipokuwa chakula kikuu cha maskini wa kusini mwa Marekani, yalikwenda bila ufundi huo, na waliokuwa hawana kingine cha kula wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Harufu uliyoisikia ndiyo alama kwamba mgahawa ule ulikuwa unatumia mahindi yaliyopitia chokaa, na hilo ni jambo la kuwasifu.

*Mwandishi mpendwa, mimi ni mwalimu. Ndugu yangu alinipeleka kwa Wahondurasi mjini New York. Nilitarajia watu wa Kihispania, nikamkuta mpishi mweusi kama mimi, aliyenipikia samaki kwa tui la nazi na kuniletea ndizi zilizotwangwa zikawa donge. Alizungumza na mwenzake lugha ambayo ndugu yangu alisema si Kihispania. Nilitamani kumwuliza ametoka wapi, nikaona haya. Ni watu gani hao? — Mwalimu, Arua.*

Ni Wagarifuna, mwalimu, na laiti ungemwuliza, kwa sababu ni watu wanaopenda sana kusimulia asili yao. Mababu zao ni Waafrika waliofika katika kisiwa cha St. Vincent na kuchanganyika na wenyeji wa visiwa hivyo, wakawa taifa moja lenye lugha yake, ambayo ni ya jamii ya Kiarawak na imebeba pia maneno ya Kifaransa. Waliwapinga Waingereza waliotaka kisiwa chao mpaka wakashindwa, na maelfu yao wakapakiwa katika meli na kwenda kutupwa Roatán, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Honduras, walikofika tarehe 12 Aprili 1797. Wengi walikuwa wamekufa kabla na wakati wa safari hiyo. Waliobaki walivuka kwenda Trujillo, wakaenea kando ya bahari hadi Belize, Guatemala na Nicaragua, na katika karne iliyopita wengi wakahamia New York. Mwaka 2001 UNESCO ilizitangaza lugha, ngoma na muziki wao kuwa urithi wa wanadamu.

Ulichokula wenyewe hukiita hudut, na Wahondurasi wengine hukiita machuca. Ndizi mbichi na mbivu huchemshwa, kisha hutwangwa katika kinu kirefu cha mti kwa mchi, mpaka zivutike. Samaki hukaangwa na kuingizwa katika tui lenye kitunguu saumu na majani ya kunukia. Ukirudi, uliza kama wana ereba, mkate mkubwa mwembamba wa muhogo. Wewe uliyekulia kwenye enyasa, ugali wa muhogo wa huko kwenu, utauelewa bila maelezo: muhogo hukunwa, hutiwa katika mfuko mrefu uliofumwa kwa nyuzi za mmea, unaoitwa ruguma, hutundikwa juu na kuvutwa chini mpaka maji yenye sumu yatoke yote, ndipo unga wake huchekechwa na kuokwa juu ya bamba pana la moto. Muhogo huo ulitoka kwao Amerika ukaja kwetu na Wareno, na ndizi walizozitwanga zilifika kwao kwa kupitia Afrika.

Kuhusu haya uliyoona, nakushauri hivi. Ingia mapema, kabla mgahawa haujajaa, uagize hudut, na umwambie mpishi kwamba utaila kwa mkono. Atakuletea maji ya kunawa. Umega donge, ulibonyeze katikati kwa kidole gumba kama unavyofanya nyumbani, uchote tui nalo. Akishakuona unafanya hivyo, hutahitaji kumwuliza lolote. Yeye ndiye atakayekuuliza wewe umetoka wapi.